Dezati rozi zangu zilifia Kinyerezi, nikazifuata kwao Same

JUMATANO, KINYEREZI

Nianze na msiba kwanza ndo safari ieleweke. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa na dezati rozi tano kibarazani kwangu, leo mwezi wa tisa nimebaki na moja tu na yenyewe siielewi elewi. Kama huzijui ni yale maua ya pinki yenye shina lililovimba chini kama kibuyu, wengine wanaita waridi la jangwani, ukitoka Mwenge na barabara ya Bagamoyo wauza maua wamezipanga pembeni kwenye vyungu vya saruji, ukisimama tu kuuliza bei umeshanasa. Mi nilinasa mara tano. Ya kwanza elfu ishirini na tano baada ya kubishana nusu saa, ya mwisho bei siitaji maana mama watoto mpaka leo anaamini nilipewa na rafiki.

Na sio kwamba nilizitelekeza, yaani ningezitelekeza nisingeumia hivi. Asubuhi kabla ya kwenda kazini kila moja kopo la maji, jioni nikirudi kopo lingine, samadi nimeweka, udongo nimechota ule mweusi mzuri wa kwenye migomba. Masika ilipoingia nikaona neema hiyo, maji ya bure. Wiki ya pili majani yakaanza kuwa njano halafu yakalegea, sasa we ukiona mmea umelegea unafanya nini? Si unaongeza maji. Nikaongeza. Siku moja nikashika kile kibuyu kikabonyea kama papai lililoiva likapitiliza, kidole kikazama, yakatoka maji ya kahawia yananuka kama gunia la viazi vilivyoozea stoo. Nne zikaenda hivyo hivyo, moja baada ya nyingine. Jamaa aliyeniuzia akaniambia ni ugonjwa, akaniuzia dawa ya kupuliza, nikapuliza, zikaendelea kufa zikiwa zinanukia dawa.

Sasa mama watoto ni Mpare wa Same. Baba yake anahitaji dawa zake za presha na kuna bahasha ya kikao cha ukoo, kesi ya mpaka wa shamba (Wapare na kesi mnawajua, watani zao wanasema Mpare yuko tayari auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku), na mama watoto kazini hajapewa ruhusa. Nikasema naenda mimi. Akashangaa, mwaka wa nane wa ndoa sijawahi kujitolea kwenda ukweni. Sikumwambia kwamba shemeji alishanitumia picha ya mlima nyuma ya kwao, na kwenye ile picha kuna kitu cha pinki kimesimama kwenye mawe.

ALHAMISI, MBEZI MPAKA SAME

Bodaboda ilinichukua saa kumi alfajiri, tukakata Kifuru, Malamba Mawili mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Gari la saa kumi na mbili limetoka saa moja kasoro, sio habari. Kibaha, Mlandizi, Chalinze nimelala. Nimeamka Wami, daraja jipya, nikakumbuka lile la zamani jembamba magari yalikuwa yanasubiriana kama watu kwenye mlango wa choo cha stendi.

Segera kwenda Korogwe ni mkonge kulia mkonge kushoto, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Mkonge nao ni mgeni, Mjerumani Richard Hindorf ndo aliuleta mwaka 1893 kutokea Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Nilikaa dirishani nikawaza huyu bwana miche mingi ilimfia njiani lakini iliyobaki ikajaza mkoa mzima wa Tanga, mimi miche mitano nimeshindwa kuilea kwenye kibaraza.

Mombo tukasimama kula. Hapo ndo njia inakata kupanda Lushoto, na kama hujawahi kupita nakuomba siku ukipita ukae upande wa kulia wa gari. Milima ya Usambara iko palepale juu yako, kijani, juu kabisa mawingu yamekaa kama kofia. Halafu geuza shingo kushoto, tambarare imekauka, miti ya miba, vumbi jekundu. Umbali wa kilomita chache tu! Nilikuwa napita miaka yote naona kawaida, safari hii nikamuuliza mzee wa siti ya mbele akanijibu bila kugeuka: mvua inatoka baharini mwanangu, inapanda mlima kwa upande ule wa kule, ikishapanda inamwaga kila kitu, huku kwetu unashuka upepo ambao umeshakamuliwa. Hiyo ndo sababu yenyewe, na ni hivyo hivyo kwenye milima ya Upare, juu kule Shengena kuna msitu wenye ukungu na baridi, chini barabarani mbuzi anatafuta kivuli cha nguzo ya umeme.

Tukapita Hedaru. Kabla ya kufika Makanya, kule wanakochimba jasi, nikaona. Kwenye mteremko wa mawe, hakuna jani la kijani popote, vichaka vyote vimebaki vijiti vya kijivu utadhani vimeungua, katikati pinki. Halafu nyingine. Halafu tatu pamoja. Nikapiga kelele "ile pale!" mama wa pembeni yangu akashika mkoba wake kwa mikono miwili, kondakta akauliza nani kaibiwa. Nikabaki nacheka mwenyewe kama mjinga.

Same tumeingia saa nane mchana. Upepo unapuliza vumbi, jua kali lakini hujisikii kunata kama Dar, jasho linakauka kabla hujalifuta. Nimekaa dakika ishirini nasubiri shemeji midomo ikaanza kukauka, hapo ndo ikanijia kwa mara ya kwanza kwamba tatizo langu labda sio kopo tu, ni hewa yenyewe. Kinyerezi taulo halikauki siku mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Wajukuu zangu?"

"Wazima, wanakusalimia."

Dawa zimefika, bahasha imefika, makande yameletwa, nikala sahani mbili. Baba mkwe akaniuliza safari hii umekujaje peke yako, nikamwambia ukweli kwamba nimefuata ua. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya." Ile haya ya mzee anayejiuliza binti yake aliolewa na nani.

IJUMAA, MLIMA WA NYUMA

Tumetoka saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijachangamka, mimi, shemeji, na baba mkwe ambaye alisema haji halafu tukamkuta ametangulia na fimbo yake. Dakika arobaini kwa mguu, unapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, halafu mashamba yanaisha, yanaanza mawe.

Ya kwanza tuliyoifikia ilikuwa inanizidi urefu kichwa kimoja. Naomba niielezee taratibu kwasababu picha za simu hazijatoka vizuri. Chini imetuna upana wa ndoo ya lita ishirini, lakini sio duara zuri kama za barabara ya Bagamoyo, hii imejikunja, imebanwa na mawe mawili, imemiminika katikati yao kama uji uliofurika sufuria ukagandia pembeni. Ngozi yake ni ya kijivu inang'aa, laini, ukikwangua kwa ukucha kidogo tu ndani yake kuna kijani kibichi. Maana yake hata bila jani ngozi bado inapata jua na kutengeneza chakula. Juu matawi mafupi manene kama vidole, na jani hakuna hata moja. Kwenye ncha za vidole ndo maua, petali tano, pembeni pinki iliyokolea, likiingia ndani linapauka linakuwa karibu jeupe. Mti mzima hauna jani na umejaa maua, na mvua mara ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano.

Nikamuuliza baba mkwe kwanini inatoa maua wakati wa shida. Akasema sio shida hiyo, hiyo ndo ratiba yake. Majani inayatoa mvua ikija, ikikata inayamwaga yasiinyonye maji, inabaki na kile ilichoweka akiba kwenye tumbo. Sasa mimi za kwangu kila zilipotaka kupumzika nilikuwa naziamsha kwa kopo.

Udongo ndo ulionimaliza kabisa. Nilichukua kijiti nikachimba pembeni yake. Mawe madogo madogo, mchanga mwekundu mkavu, kokoto, halafu mawe tena. Nimechimba mpaka mkono ukaingia karibu na kiwiko, hakuna unyevu hata wa kuota ndoto, ule mchanga ukiushika unamwagika kati ya vidole. Nikamwaga maji ya kunywa ya kwenye chupa yangu pale, kama robo, nikahesabu. Sijafika tano yameshapotea. Yameenda chini huko, hayakusimama hata sekunde. Za kwangu kwenye ule udongo mweusi wa migomba maji yalikuwa yanakaa juu kama supu, na chungu chenyewe nikikumbuka vizuri kilikuwa na tundu moja chini ambalo mimi kwa akili zangu nililiziba na kigae ili udongo usitoke.

Nikawaambia. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Vidogo tulivikuta vingi chini ya vichaka vya miba, vimejificha, vingine unene wa kidole gumba tu, mbuzi wakipita hawavioni. Na hata wakiviona hawali. Baba mkwe alivunja kakijiti ukatoka utomvu mweupe, akaniambia usiguse halafu ukajipangusa macho. Hii kitu ni sumu, sio utani, inashika moyo. Wahadzabe kule ziwa Eyasi wanachemsha utomvu wake mpaka unakuwa mweusi mzito, wanapaka kwenye mishale wanaangusha mnyama mkubwa. Na mimi hizi nilikuwa nazipogoa nikishika sambusa mkono wa pili. Kama una mtoto anayetambaa au mbuzi wa kufuga mjini weka juu, na ukimaliza kukata nawa na sabuni, mengine endelea na maisha.

Kuna moja ndogo nzuri, tumbo la duara kabisa, imekaa kwenye mchanga laini. Shemeji akaniangalia. "Shem, nikung'olee hii? Kiroba kipo." Nakiri nilishafungua mdomo kusema ndio. Baba mkwe akagonga jiwe kwa fimbo, akasema hiyo hapo anaijua tangu anachunga ng'ombe za baba yake, ilikuwa hivi, akaonyesha ngumi. Mzee ana miaka sabini na nne. Kutoka ngumi mpaka saizi ya tikiti dogo ni maisha yake yote. Nikafunga mdomo.

Halafu kwa faida ya wenye tamaa kama yangu, shemeji alisema kuna mtu aling'oa mkubwa akaupeleka Arusha, mizizi minene ikakatika, kile kidonda kikaingia maji, ukaoza ndani ya mwezi. Hiyo stori ni ya kijiweni lakini kwa niliyoyaona kwangu naiamini.

Usiku nikiwa na chaji asilimia tisa nikasoma kidogo. Jina la kitaalamu ni Adenium obesum, hilo la pili maana yake mnene, hawakuzunguka. Hilo la kwanza wengi wanasema linatokana na Aden, ile bandari ya Yemeni, na mtaalamu wa kwanza kuiandika, Peter Forsskål, aliikuta huko Yemeni kwa Waarabu. Mwenyewe malaria ikamuua hukohuko Yemeni mwaka 1763, kitabu chake kikatolewa na mwenzake wa safari mwaka 1775. Kwa hiyo Afrika kuanzia Senegali mpaka hapa kwetu ua lipo porini, jina limetoka ng'ambo. Chaji ikaisha.

JUMAMOSI, ZANGE NA KWA BIBI

Asubuhi bodaboda mpaka geti la Zange, ndo mlango wa hifadhi ya Mkomazi, ni karibu tu na mji. Bodaboda hairuhusiwi kuingia na gari ya kukodi bei yake ilinifanya nipende mandhari ya nje ya geti. Askari wa pale ni kijana mcheshi, tumepiga stori. Mkomazi lilikuwa pori la akiba tangu 1951, likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2008, watu wanakuja kuangalia faru, mimi nikamuuliza habari za dezati rozi akaniangalia kama nimemuuliza bei ya nyanya. Zipo, akasema, ndani huko kwenye vilima vya mawe zipo nyingi tu. Nikauliza mtu akiokota mbegu chini? Akacheka. Kitu chochote kaka, hata jiwe, linabaki humu. Sawa.

Maeneo makavu ya Mkomazi kwa mwaka yanapata mvua kama milimita 300 hivi. Dar tunapita 1,000, na Aprili peke yake ikiamua inamwaga kitu cha kukaribia zile za huku za mwaka mzima. Ndani ya wiki nne! Juu ya chungu kilichozibwa tundu! Nilipopiga hiyo hesabu kichwani pale getini nikaacha kujiuliza kwanini nne zilikufa, nikaanza kujiuliza hii moja imebakije hai.

Mchana shemeji akanipeleka kwa bibi mmoja jirani yao. Uani kwake, kwenye kona ambayo bati la nyumba halimwagi maji, kuna dezati rozi ya kupandwa, kubwa, mara mbili ya ile ya mlimani. Na ina matunda. Sikuwahi kuyaona, yanatoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, marefu kama kiganja, rangi ya kijivu chenye wekundu. Bibi ameyafunga kila moja na kitambaa cha khanga iliyochakaa, mti mzima umevaa vitambaa utadhani wa mganga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Wewe ndo wa maua?"

Habari ilishatangulia. Nikamuuliza vitambaa vya nini. Akasema likikomaa linapasuka lenyewe, na mbegu zina manyoya, upepo ukipita dakika moja zote zimekwenda, kwa hiyo ukitaka mbegu unalifunga kabla. Akafungua moja iliyokwisha pasuka ndani ya kitambaa. Mbegu ni kijiti cha kahawia urefu wa punje ya mchele wa mbeya, na ncha zote mbili, sio moja, zote mbili, zina shungi la nywele za dhahabu laini kama hariri. Nikaiweka kiganjani, nikapumua tu, ikabiringika kama gurudumu lenye ekseli, ikaanguka, ikaendelea kubiringika kwenye vumbi mpaka ikakwama kwenye mguu wa kuku.

"Unaimwagilia mara ngapi bibi?"

Aliniangalia kwa huruma. "Baba, maji ya kunywa nanunua ndoo. Nimwagie mti?"

Akanipa matunda mawili na vitambaa vyake. Pesa alikataa, akasema nikirudi nimletee vitenge viwili vya Kariakoo, ambavyo nikipiga hesabu ni ghali kuliko dezati rozi zote za Mwenge. Wapare bwana.

JUMAPILI, KURUDI

Hakuna cha kuandika. Gari limeharibika Mkata saa mbili nzima, nimekaa chini ya mwembe nimekumbatia mfuko wa mbegu. Kibaha ndo nikaanza kunata tena shingoni. Nyumbani saa tatu usiku.

JUMATATU JIONI, KIBARAZANI

Upasuaji. Ile moja iliyobaki nimeing'oa kwenye chungu, udongo umetoka kipande kizima kama matofali ya kufyatua. Huku kwetu ukielekea Pugu ardhi ni mfinyanzi, na mimi nilichanganya na ule mweusi wa migomba, yaani nilitengeneza bwawa. Mizizi ya chini imekuwa ya kahawia, ukivuta ngozi inatoka kama soksi. Nimechukua kisu, nimekipitisha kwenye moto, nimekata. Bado kahawia. Nimekata tena. Tena. Mama watoto kasimama mlangoni anasema utaimaliza yote. Kipande cha nne ndo nikafika kwenye nyama nyeupe safi haina hata doa, imara kama muhogo mbichi. Nikapaka majivu kwenye kidonda, nikaining'iniza kichwa chini kwenye kamba ya nguo kivulini. Haiwekwi kwenye udongo mpaka kidonda kikauke kabisa, wiki mbili hivi. Wageni wamekuja wameuliza ile ni nini, mtoto amejibu ni mgonjwa wa baba.

Kuna kitu nilikigundua nilipoichunguza vizuri. Juu kidogo ya tumbo kuna alama ya mkato, ya kubebesha. Hizi zenye maua ya tabaka nyingi za mjini ni za kubebeshwa, kitako cha aina moja, kichwa cha aina nyingine. Halafu ile ya pili niliyonunua, miguu ilikuwa myembamba haikunenepa hata kidogo, sasa hivi najua ilikuwa ni kijiti kilichochomekwa. Iliyotoka kwenye mbegu ndo inapata lile tumbo, kijiti kinaota, kinatoa na maua, lakini kitambi hakipati vizuri. Ukienda kununua chimba kidogo na kidole uangalie chini, muuzaji akikasirika nenda kwa mwingine.

JUMANNE NA SIKU ZILIZOFUATA

Mchanga nimenunua ule mnene wa mtoni, sio wa pwani wenye chumvi, nimeusuuza. Kokoto ndogo zilizobaki kwenye ujenzi wa jirani. Pumba za mpunga nimezichoma zikawa nyeusi. Samadi ya zamani iliyokwisha kuwa kama unga, kidogo tu, kwenye ndoo nzima nimeweka kopo moja. Nikafanya jaribio la mlimani, nikamwaga maji robo chupa, nikahesabu. Nimefika nane. Sio tano lakini tunaelekea. Makopo ya rangi nimeyatoboa matundu saba saba kwa msumari wa moto na nimeyainua juu ya matofali hewa ipite chini.

Mbegu zilitoka arobaini na tatu. Nimeziloweka kuanzia jioni mpaka asubuhi, nimezilaza juu ya mchanga, nimezifunika kidogo tu unene wa kucha. Kuna unyevu wakati wa kuota inataka, hapo usiwe na roho mbaya kupita kiasi, nilikuwa napulizia na chupa ya dawa ya mbu iliyooshwa.

Siku ya tano saa moja asubuhi kumi na moja zimechomoza. Nilidhani zitatoka nyembamba kama mchicha, hapana, zinatoka na tumbo tayari! Kajani kawili kanene na chini kashina kamevimba kama punje ya harage, kitoto cha siku moja na kitambi. Nikamwita mama watoto, nikawaita watoto, nikampigia shemeji kwa video. Mpaka siku ya tisa zimefika ishirini na nane. Mbili mtoto wangu wa mwisho alizichuma aone ndani kuna nini, tukanawa mikono sana siku hiyo.

MWEZI WA KUMI, MWISHONI

Yule mgonjwa kidonda kilikauka kikawa kigumu kama kizibo, nimempanda kwenye mchanga mpya, nimemweka chini ya bati upande wa mashariki apate jua la asubuhi. Wiki tatu sasa hajafanya chochote. Majani aliyokuwa nayo yamedondoka yote, moja moja, nikiamka nayakuta chini. Nimemshika tumbo kila siku asubuhi na jioni, ni gumu.

Jana usiku vuli ikaanza kwa vurugu, saa tisa nikasikia bati linapigwa nikaruka kitandani kwenda kuhamisha makopo ya watoto. Nimefika kibarazani nimekuta mama watoto ameshaingiza yote ndani yamejaa sebuleni mpaka chini ya tivii, amejifunga khanga, amelowa, akaniambia nimrudishie mpaka hela ya ile "niliyopewa na rafiki".

Leo asubuhi mvua imekata, joto limepanda, kila kitu kinatoa mvuke. Nikatoka na kopo langu la maji kama zamani, mkono umeshazoea, nikasimama mbele ya mgonjwa. Kijiti kikavu, hana jani hata moja, ukimwangalia roho inauma. Nikamshika tumbo. Gumu. Nikaangalia lile kopo, nikazunguka nyuma ya nyumba nikamwagia mchicha.